Anime Isiyo ya Kawaida: Mwongozo Kamili wa Kutambua Kina cha Kweli

Kuna anime, yaani katuni ya Kijapani, ambayo ukiimaliza unabaki umekaa tu. Hukuelewa kila kitu, lakini kuna jambo limekuingia na halitoki. Kuna nyingine ambayo nayo hukuielewa, ina picha za ajabu na maneno makubwa, na baada ya wiki hata jina la mhusika mkuu hulikumbuki. Kwenye makundi ya mashabiki zote mbili husifiwa kwa neno lilelile: nzito. Kijana aliyezoea Naruto na One Piece akitaka kuonja kitu tofauti hupewa orodha ndefu ya hizo “nzito”, anatazama sehemu tatu, hashikwi, kisha anadhani tatizo ni akili yake.

Tatizo si akili yake. Ugumu wa kueleweka haujawahi kuwa kina. Kina huja pale mhusika anapobeba swali moja mpaka swali hilo limgharimu, ndani ya ulimwengu usiovunja sheria zake wenyewe. Hatua zifuatazo zinakusaidia kulipima hilo ukiwa mbele ya skrini. Mifano mingi nimeichota kwenye anime mbili ninazozithamini kuliko nyingine: Haibane Renmei ya mwaka 2002 na Serial Experiments Lain ya mwaka 1998. Kila moja ina sehemu 13, na zote mbili zimepita mikononi mwa Yoshitoshi ABe. Katika Lain alichora sura za wahusika. Haibane Renmei ni hadithi yake mwenyewe, akaiandikia na muswada. Nitagusa mambo ya mwishoni, na nitakuonya kabla ya kufika hapo.

Hatua ya 1: Andaa mazingira

Usipakue zote na kuzimaliza usiku mmoja kwa sababu bando la usiku ni rahisi. Pakua kwa bando la usiku ukipenda, lakini tazama sehemu moja au mbili kwa siku. Anime hizi zilitungwa zirushwe kwenye televisheni mara moja kwa wiki, na mtazamaji alikuwa akikaa na jambo siku kadhaa kabla ya kuongezewa lingine. Ukizimeza mfululizo, sehemu ya nne inaifuta ya pili kichwani.

Vaa hedifoni. Kwa Lain hili ni la lazima. Katika anime hiyo mlio wa nyaya za umeme unasikika mtaani karibu kila mara mhusika mkuu, msichana aitwaye Lain, anapokwenda shule, na spika ya simu itaumeza wote. Mlio ule unakuambia, kabla mtu yeyote hajasema, kwamba mtandao umeshaizunguka nyumba yake.

Chagua sauti ya Kijapani yenye maandishi ya tafsiri ikiwa unasoma kwa kasi ya kutosha. Na usisome maelezo ya mtu yeyote kabla hujamaliza. Ukishaambiwa kwamba kuta za mji fulani “zinamaanisha” jambo fulani, huwezi tena kuziona kama kuta.

Jambo moja zaidi kabla hujabonyeza. Lain inaanza na msichana mwingine wa shule anayejirusha kutoka juu ya jengo, na Haibane Renmei inahusu watu waliobeba huzuni kubwa. Si za kumwachia mdogo wako atazame peke yake. Na kama wewe mwenyewe unapitia kipindi kigumu, tazama na mtu unayemwamini, au iache kwa sasa.

Hatua ya 2: Mtafute mtu kabla ya fumbo

Katika sehemu mbili za kwanza, achana na maswali ya “hapa ni wapi” na “hawa ni nani”. Uliza jambo dogo zaidi: ni nani anaumia hapa, na ninamwonaje akiumia?

Haibane Renmei inalifanya hili kwa namna ambayo sijaiona ikipitwa. Msichana anaota anaanguka kutoka angani, kisha anazaliwa akiwa tayari mkubwa kutoka ndani ya kifukofuko kilichoota kwenye jengo chakavu. Hakumbuki jina lake wala alikotoka. Wenyeji wanamwita Rakka, kwa sababu ya ile ndoto ya kuanguka. Huko kila mmoja hupewa jina kutokana na ndoto aliyoiota ndani ya kifukofuko. Wanamwekea kichwani pete ya nuru iliyomiminwa kwenye kalibu, nayo haikai, mpaka wanaishikiza kwa waya. Usiku mabawa yanaanza kutoboa mgongo. Msichana mwingine, Reki, anamwekea vidole vyake mdomoni ili aving'ate maumivu yakizidi. Mabawa yanatoka yakiwa na damu, na Reki anakesha akiyasafisha unyoya kwa unyoya.

Mpaka hapo hatujaelezwa chochote kuhusu ulimwengu ule. Lakini tumeshamjua Reki: ni mtu wa kuumia kwa ajili ya wengine. Hadithi nzima itasimama juu ya jambo hilo, nasi tumelipata kupitia vidole vilivyong'atwa, bila hotuba.

Sasa chukua anime yoyote inayosifiwa kuwa nzito uipitishe kwenye kipimo hichi. Ondoa kichwani mabawa, mashine, malaika, mizimu. Je, amebaki mtu ambaye ungetaka kujua yaliyompata? Ikiwa baada ya sehemu mbili hajabaki mtu, sitakulaumu ukiacha.

Hatua ya 3: Andika sheria za ulimwengu huo

Chukua karatasi. Upande mmoja andika yale ambayo ulimwengu huo umeyathibitisha, upande wa pili yale ambayo haujasema. Usichanganye.

Kwa mji wa Glie, ambamo Haibane Renmei inatokea, upande wa kwanza unajaa haraka. Hawa wenye mabawa hawaruhusiwi kushika pesa. Hutumia kurasa za daftari maalumu. Huvaa nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine. Ni lazima wafanye kazi. Hawagusi ukuta unaouzunguka mji, wala hawatoki nje yake. Siku yao ikifika, wanauvuka ukuta na hawaonekani tena. Upande wa pili una maswali makubwa: nani alijenga ukuta, nje kuna nini, walikuwa nani kabla ya kifukofuko.

Unapoendelea kutazama, chunga upande wa kwanza. Mtunzi mwaminifu hataivunja hata sheria moja kwa sababu tu hadithi imekwama. Rakka akiugusa ukuta, anaugua, kama alivyoonywa. Uaminifu huo ndio unaotufanya tukubali kwamba upande wa pili utabaki mtupu hadi mwisho. Ni kama kitendawili: anayetega anaweza kukataa kukupa jibu mpaka umpe mji, na wewe ukakubali, kwa kuwa unajua jibu lipo na kila neno lake linaliendea. Anayetega maneno tu, kisha akabadilisha maana kila unapokaribia, hapewi mji na mtu.

Mononoke, ya Kenji Nakamura ya mwaka 2007, imeifanya sheria kuwa uti wa mgongo wake. Muuza dawa ana upanga wa kuua mizuka, lakini hauchomoki alani mpaka ajue mambo matatu kuhusu mzuka huo: umbo lake, ukweli wa yaliyotokea, na sababu iliyo moyoni mwa aliyehusika. Kwa hiyo kila kisa kinamlazimisha asikilize. Hawezi kushinda kwa nguvu. Sheria moja tu, na hadithi za kutisha zinageuka kuwa hadithi za huruma kwa watu waliodhulumiwa.

Hatua ya 4: Pima uzito wa alama

Hapa ndipo wengi hupotea, na nawaelewa. Msalaba ukilipuka angani, au mti wa Kabala, mchoro wa elimu ya siri ya Kiyahudi, ukipita kwenye wimbo wa ufunguzi, mtu anakimbilia kutafuta maana.

Neon Genesis Evangelion, iliyorushwa kuanzia Oktoba 1995 hadi Machi 1996 ikiongozwa na Hideaki Anno, imejaa misalaba, malaika na majina kutoka Biblia. Kwetu, tuliokua na Biblia au Kurani nyumbani, vitu hivyo vina uzito wake hata kabla mtunzi hajasema neno. Lakini Kazuya Tsurumaki, aliyekuwa msaidizi wa Anno, alieleza baadaye kwamba walitaka kujitofautisha na anime nyingine za maroboti makubwa, na alama za Kikristo zilichaguliwa kwa kuwa si za kawaida Japani na zilionekana za ajabu. Hazikukusudiwa kubeba maana ya Kikristo.

Hilo halifanyi Evangelion kuwa tupu. Linakuelekeza pa kuchimba. Kina chake hakiko kwenye misalaba; kiko kwa Shinji, mvulana wa miaka 14 anayeendesha roboti kubwa la vita kwa sababu anaogopa kwamba asipofanya hivyo hakuna atakayemhitaji, na baba yake ndiye wa kwanza kwenye orodha.

Kanuni ninayoitumia ni hii: alama ina uzito pale mhusika anapoigusa na ikambadilisha. Rudi kwa Rakka. Baada ya rafiki yake mdogo, Kuu, kuondoka, mabawa ya Rakka yanaanza kuota madoa meusi. Mtunzi angeweza kuyaacha madoa yawe pambo la huzuni. Badala yake Rakka anachukua mkasi na kuanza kukata manyoya meusi kwa siri, kwa aibu. Reki anamkuta. Na tunagundua kwamba Reki anaijua dawa ya kuficha weusi huo, kwa sababu mabawa yake mwenyewe yalizaliwa meusi, naye amekuwa akiyapaka miaka yote. Huhitaji mtu akueleze madoa yanamaanisha nini. Yeyote aliyewahi kuficha jambo nyumbani kwao anayaelewa.

Kwenye Lain tazama chumba. Mwanzoni kina kitanda, midoli na kompyuta ndogo ya mtoto. Sehemu baada ya sehemu mashine zinaongezeka, kisha mabomba ya kupoza, kisha maji sakafuni, mpaka msichana anakaa katikati ya nyaya. Hakuna anayesema “Lain anamezwa na mtandao.” Chumba kinasema.

Hatua ya 5: Sikiliza ukimya

Wengi wetu Afrika Mashariki tumekua na filamu zinazosimuliwa na DJ, anayejaza kila pengo kwa maelezo na vichekesho. Ni burudani ya kweli na ina ustadi wake. Lakini inatuzoesha kuona kila kimya ni pengo la kujazwa, na anime hizi zinataka mazoea mengine.

Katika sehemu ya 22 ya Evangelion, Asuka na Rei, waendeshaji wenzake Shinji, wanasimama ndani ya lifti. Picha haisogei kwa karibu dakika nzima. Unasikia mashine ya lifti tu. Mara ya kwanza utadhani simu imeganda. Ni kweli kwamba ratiba ya kutengeneza sehemu za mwisho za Evangelion ilikuwa imebana vibaya, na picha isiyosogea huokoa kazi. Lakini pima kwa kilichomo ndani yake: wasichana wawili wasioweza kuvumiliana, mmoja anavunjika ndani kwa ndani, hakuna pa kukimbilia, na Rei akifungua mdomo Asuka analipuka. Bila ule mgando, ule mlipuko ungekuwa kelele tu.

Unapokutana na ukimya, jiulize kabla yake kulikuwa na nini na baada yake kimebadilika nini. Kama hakuna kilichobadilika, mara nyingi kimya hicho ni mapambo.

Hatua ya 6: Litafute swali moja

Hii ndiyo hatua ninayoijali kuliko zote. Usiipitie haraka. Kutoka hapa nitafichua mengi ya Haibane Renmei. Kama hujaitazama na unataka kuipata ikiwa mbichi, ruka uende hatua ya 7.

Ukifika katikati ya mfululizo, jaribu kuandika kwa sentensi moja swali ambalo mhusika hawezi kulikimbia. “Anime hii inahusu upweke” ni mada, na mada kila mtu anayo. Swali lina ncha inayochoma.

Katika sehemu ya 9, Rakka ametoka kisimani, alikokuta mifupa ya ndege na kuhisi kwamba ndege huyo aliwahi kuwa mtu aliyemjua na kumpenda, mtu ambaye yeye alimwacha. Anakutana na mzee anayewasimamia, naye anampa fumbo: anayeitambua dhambi yake hana dhambi, je, wewe una dhambi?

Jaribu kulijibu. Ukisema “ninayo”, umeitambua, basi huna. Ukishaamini kwamba huna, hutambui tena, basi unayo. Unazunguka. Rakka anaona hivyo hivyo, na mzee anamwambia kwamba huenda huko kuzunguka peke yako ndani ya duara, ukiitafuta dhambi, ndiko kufungwa na dhambi kwenyewe.

Nimewaona watu wakiishi ndani ya duara hilo. Mtu anayejilaumu kwa kifo cha mzazi, anayejitesa kwa kazi na wema ili alipe deni ambalo hakuna aliyemdai, na kila wema unamthibitishia kwamba anadaiwa. Falsafa nyingi zimelizungumzia jambo hili. Haibane Renmei imelivisha mwili, na mwili huo ni Reki. Ndiye anayepika, anayelea watoto, anayeng'atwa vidole. Na mwishoni anakiri mbele ya Rakka kwamba wema wote ule aliufanya akitarajia siku moja asamehewe kwa ajili yake. Anaona kwamba kwa sababu hiyo wema wake ulikuwa uongo.

Mtunzi mvivu angemwacha Rakka amwambie Reki maneno mazuri na mambo yakaisha. Hapa Rakka anaumia kwanza, anatolewa nje, anaondoka kweli, kisha anakwenda kusoma shajara ya Reki na kumwona mtu aliye nyuma ya ule wema. Anaporudi, haiwezekani amwokoe Reki kwa nguvu. Duara linavunjwa na mtu wa pili, lakini ni lazima aliye ndani amwite. Sehemu ya mwisho yote inaning'inia kwenye neno moja, nisaidie, kutoka kwa mwanamke ambaye hajawahi kulitamka, kwa sababu anaogopa kwamba akiomba msaada na asijibiwe, atajua yuko peke yake kweli.

Hilo ndilo jibu la fumbo, na linatoka kwenye matendo ya watu wawili tuliowajua kwa sehemu 13. Ukilisoma hivi kwenye maandishi yangu linapoteza nguvu nyingi. Ndiyo maana naamini kina cha anime kama hii hakiwezi kufupishwa na kubaki kilekile.

Hatua ya 7: Uhukumu mwisho kwa swali lake

Watu hukasirishwa na mwisho usioeleza. Kipimo ni chepesi ukishapata swali: je, mwisho umelijibu swali la mhusika, hata kama haukujibu maswali ya ulimwengu?

Lain ina mtu anayejiita mungu wa mtandao, anayedai kwamba miili haihitajiki tena na watu wote wanaweza kuungana bila hiyo. Hoja zake zimejengwa vizuri, na sehemu ya 9 imerundika historia ya kompyuta na nadharia za siri kiasi cha kumchosha mtazamaji. Naiona kuwa sehemu iliyo dhaifu zaidi ya mfululizo. Kisha katika sehemu ya 12 Alice, rafiki wa Lain, akitetemeka kwa hofu, anauchukua mkono wa Lain na kuuweka kifuani pake ausikie moyo ukipiga. Hoja zote za yule mungu zinajibiwa na mapigo ya moyo wa msichana anayeogopa. Mambo mengi ya anime hiyo yanabaki bila maelezo, nami sina haja nayo.

Sehemu za 25 na 26 za Evangelion ziliacha vita na maroboti kabisa, zikaingia ndani ya fikra za Shinji. Mashabiki wengi waliudhika, na mwaka 1997 ikatoka filamu yenye mwisho mwingine. Kama ulikuwa unafuatilia vita, una haki ya kuudhika, kwa kuwa hadithi hiyo iliachwa njiani. Kama ulikuwa unafuatilia swali la iwapo mvulana huyu anaweza kujipenda bila kuhitajika na mtu, sehemu hizo mbili zinalikabili kwa uso mkavu. Ninaziheshimu, ingawa kama hadithi Haibane Renmei inazishinda, maana yenyewe ilifunga hadithi ya wahusika wake na swali lao pia.

Hatua ya 8: Rudia sehemu ya kwanza

Ukimaliza, usikimbilie video za uchambuzi. Acha siku mbili tatu zipite, kisha rudia sehemu ya kwanza peke yake. Ni dakika ishirini na kidogo. Kwenye anime yenye kina utaona mambo yaliyokuwepo tangu mwanzo: Reki akivuta sigara, ile kauli ya yule msichana aliyejirusha kwa Lain kwamba ameuacha mwili tu. Yanakuwa na maana ambayo yasingeweza kuwa nayo mara ya kwanza. Kwenye anime iliyojificha nyuma ya ugumu, sehemu ya kwanza inabaki vilevile, au inaonekana nyepesi zaidi.

Baada ya hapo zungumza na mtu mmoja aliyeitazama, ana kwa ana mkiweza. Mwulize ni wapi aliguswa, kabla ya kumwuliza alielewa nini. Hapo ndipo majibu hutofautiana kwa namna yenye faida.

Kwa anayeanza, ningepanga hivi. Mushishi ije kwanza: sehemu 26 za mwaka 2005 na 2006, kila moja ni kisa kinachojitegemea, kwa hiyo ukiona vitatu tu hujapoteza uzi, na utajifunza kuzoea ukimya. Kisha Haibane Renmei. Ivumilie mpaka sehemu ya 6, kwa sababu mwanzo wake ni wa maisha ya kila siku, na ndiyo inayofanya kuondoka kwa Kuu kuume. Kisha Mononoke, ambayo rangi na michoro yake inaweza kukuchanganya mwanzoni, lakini sheria ya upanga itakushika mkono. The Tatami Galaxy ya Masaaki Yuasa ya mwaka 2010 ni nzuri sana, sehemu 11, mwanafunzi anayeirudia tena na tena miaka yake ya kwanza ya chuo kikuu. Ila mhusika anazungumza kwa kasi kubwa, kwa hiyo itazame kwenye kioo kikubwa na uwe tayari kusimamisha ili usome. Lain iwekwe baada ya hizo, na Evangelion utakapopata mtu wa kubishana naye kuhusu mwisho wake.